Kumi na moja kwa kumi na moja: barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Michezo ya Shule

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Michezo ya Shule za Sekondari,
Kaunti yetu.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: SHULE NDOGO KUPEWA UBINGWA WAO

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumai u buheri wa afya wewe na jamaa zako, na kwamba yale mafua yaliyokusumbua siku ya fainali yamepoa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kipa wetu, ambaye kidole chake cha mkono wa kulia kingali kimefungwa kijiti. Huyo nitamfikia.

Sitaitaja shule yangu wala kaunti. Mwajiri ana namba yangu, nami nina watoto watatu wanaokula kila siku. Lakini ukitaka kunikumbuka si kazi kubwa. Mimi ni yule mwalimu aliyekuja Jumatano na wachezaji 13 na jozi 9 za njumu. Yule uliyemshika bega kando ya uwanja, tukiwa tumeshafungwa bao la saba, ukamwambia: "Mwalimu, usivunjike moyo. Mpira ni kumi na moja kwa kumi na moja."

Nimekaa na maneno hayo siku 9 sasa. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeingia nayo darasani. Mke wangu ameniambia ama niyaandike yanitoke, ama nihamie sebuleni. Ndiyo maana naandika.

Wiki mbili kabla ya Jumatano hiyo tulikuwa mabingwa wa kaunti ndogo. Hilo halikutajwa kwenye kipaza sauti, basi nalitaja mimi. Kaunti ndogo yetu karibu yote ni shule za kutwa, zenye wanafunzi mia na kitu, mia mbili na kitu. Nusu fainali tulishinda 2-1. Fainali ilikwenda hadi mikwaju ya penalti, tukashinda 4-3. Wagema waliteremka minazini kuja kutazama. Mama anayeuza viazi karai alimaliza beseni mbili kabla ya mapumziko. Refa alitukanwa na pande zote mbili kwa kiasi sawa, nami sijui ushahidi mwingine ulio bora kwamba mtu amechezesha kwa haki. Ule ulikuwa mpira. Vijana walilia waliposhinda, na wale walioshindwa wakalia pia, kwa sababu walijua wangeweza kushinda.

Kisha tukakodi matatu tukaja kwenu, kwenye mashindano ya kaunti.

Mtangazaji wenu alitukaribisha kama "wageni wetu kutoka nyika". Watu wakacheka. Nilijikaza nikacheka nami, kwa maana mgeni haoneshi meno ya hasira. Dakika ya tatu, bao. Dakika ya nane, jingine. Kufikia mapumziko yalikuwa 6. Kipindi cha pili kipa wangu alizuia kombora moja, moja tu, na hilo ndilo lililomvunja kidole. Nilikuwa na wachezaji wawili wa akiba na hakuna kati yao aliyewahi kudaka, kwa hiyo alibaki golini kidole kikiwa kimefungwa kwa leso ya mwenzake. Alifungwa mengine 5. Jumla ikawa 11 kwa nunge. Kumi na moja kwa kumi na moja, Bwana Mwenyekiti. Huenda ndiyo hesabu uliyokuwa ukiisema: bao moja kwa kila mchezaji wangu.

Katika hayo 11, matatu yalifungwa na kijana ninayemfahamu. Mwaka juzi alikuwa wetu. Nilimwona kwa mara ya kwanza akicheza peku na mpira wa makaratasi karibu na kisima, nikamwomba babake amlete shuleni. Alitufungia mabao yasiyo na idadi msimu mmoja, na muhula uliofuata hakurudi. Alikuwa amepewa ufadhili wa karo, bweni, sare na chakula mara tatu kwa siku na shule yenye wavulana 1,640. Simlaumu. Kwao walikuwa wakila mara moja. Baada ya bao lake la kwanza hakushangilia; alirudi katikati ya uwanja akitazama chini. Mechi ilipokwisha alinijia, akasema, "Shikamoo mwalimu," nikamwitikia marahaba, na hakuna aliyepata neno la kuongeza. Wewe ulikuwa hatua tano kutoka pale ukipokea soda.

Sasa niruhusu nikuhesabie, maana mimi hufundisha Hisabati na haya mengine ya michezo ni sadaka.

Shule yetu ina wanafunzi 174. Wasichana 91, wavulana 83. Zamani tulikuwa zaidi kidogo, lakini mwaka huu tuna Gredi ya 10, Kidato cha 3 na Kidato cha 4 tu, na hao wa Gredi ya 10 tulioletewa ni 19. Gawanya 1,640 kwa 11: katika shule ile kila jezi inagombewa na wavulana 149. Kwetu kila jezi inagombewa na wavulana saba na nusu, na huyo nusu ana pumu.

Kwa hiyo mechi haikuchezwa Jumatano saa nne. Ilikuwa imekwisha kuchezwa Januari, siku wanafunzi waliposajiliwa, refa akiwa bado kwao hajui hata kipenga chake kiko wapi. Jumatano tulikuja kutia sahihi matokeo.

Lakini hata hilo la kuchagua wachezaji si kubwa sana. Kuna jambo moja ambalo watu wa shule kubwa hawalioni kabisa, kwa sababu halijawapata. Timu yangu haijawahi kufanya mazoezi ya kumi na moja kwa kumi na moja. Haijawahi hata siku moja. Ili mazoezi ya namna hiyo yawezekane nahitaji vijana 22, nami nina 13. Huwa tunacheza sita kwa sita, mimi nikijaza nafasi ya saba upande mmoja kwa viatu vya ngozi, na mpishi wa shule upande wa pili akiwa hana sufuria jikoni. Beki wangu wa kushoto hajawahi kukabiliana mazoezini na winga wa kweli. Straika wangu hajawahi kukabwa na mabeki wanne. Wenzetu wana timu A, timu B, timu ya Kidato cha 3, na timu ya wale wasiopenda mpira. Kila Jumamosi timu B yao inaipa timu A mtihani mgumu kuliko wowote tutakaoupata sisi mwaka mzima. Kwetu sisi, mechi ndiyo mazoezi. Sasa wewe wanishika bega unaniambia idadi ni sawa.

Halafu wenzetu hulala shuleni. Saa kumi na moja alfajiri wako uwanjani, jioni wako uwanjani. Kijana wangu anayecheza kiungo hutembea kilomita 7 kuja na kilomita 7 kurudi, na akifika kwao kuna mbuzi wa kurudisha zizini. Nikimweka hadi saa kumi na mbili, anapita gizani kwenye njia ya tembo. Si tembo wa kunywa. Na wasichana ndiyo usiseme; timu yangu ya netiboli huvunjika kila mara kisima kinapokauka, kwa sababu msichana wa kiangazi ana saa mbili za foleni ya maji kila jioni. Najua ukame si kosa la kamati yako. Nakuambia tu ili ujue wanaokuja kwenu wametoka wapi.

Tuje kwenye fedha. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na ndani ya hizo 1,500 ni za michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa. Kila kichwa, 1,500. Haki tupu, sivyo? Vichwa vyetu 174 vinaleta 261,000. Vichwa vyao 1,640 vinaleta 2,460,000. Lakini matatu ya kuja kwenye mashindano haiulizi vichwa. Mpira dukani hauulizi vichwa. Njumu haziulizi. Nauli yetu ni kubwa kuliko yao kwa kuwa wao huwa wenyeji, hupanda ngazi tu kutoka bwenini wakaingia uwanjani. Tena hizo 261,000 ni zile za kwenye karatasi. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba kinachofikia mwanafunzi ni kama 16,900, si 22,244. Mwalimu mkuu wetu akikatwa hivyo, hapunguzi chaki. Hapunguzi mshahara wa mlinzi. Wewe ni mwalimu, wajua anapunguza nini.

Anapunguza mimi. Jezi mlizotuona nazo, zile za kijani zenye namba za kushonwa kwa mkono, kitambaa ni changu na uzi ni wa mke wangu. Mpira wetu mmoja wa mechi niliununua kwa mkopo mdogo wa chama, ambao nimebakisha miezi miwili kuumaliza. Picha ya eksirei ya kidole cha kipa nililipa 1,200, na bibi yake alinitumia kuku wa shukrani ambaye sikuweza kumchinja kwa aibu. Sitaki pole. Ila nataka ujue kwamba ulipokuwa ukiniambia nisivunjike moyo, nilikuwa nikihesabu kichwani kama nauli ya kurudi inatosha tukipita njia ya mkato.

Miaka miwili iliyopita, katika mkutano wa walimu wa michezo, mlituahidi. Wewe ndiye uliyesimama. Nilikuwa mstari wa nne na nina daftari. Uliahidi "kuangalia suala la shule ndogo kwa jicho la pekee". Mwaka jana nilipokukumbusha ukasema kamati ndogo inaundwa. Mwaka huu katibu wako aliniambia kamati ndogo ilishaundwa lakini haijakutana kwa sababu ya bajeti. Basi jicho la pekee lingali linatafuta miwani.

Nasikia watu wakisema, na sina ushahidi, kwamba kamati haikutani kwa sababu wajumbe wake wengi ni wakuu wa shule zile zile zinazobeba vikombe. Wengine wanasema ni kwa sababu shule mwenyeji hupata chake kwenye mashindano na shule ndogo haina uwanja wa kuwa mwenyeji. Wengine wanasema ni uvivu tu. Mimi mara naamini hili, mara lile, kutegemea nimelala vipi. Ukiniambia sababu ya kweli nitawaomba radhi wote niliowasengenya moyoni.

Kabla ya mechi yetu mchungaji aliomba, akasimulia Daudi na Goliathi, akatutazama sisi kwa huruma. Nilisema amina. Lakini Bwana Mwenyekiti, Daudi alipigana na Goliathi mara moja. Hakuambiwa arudi kila muhula wa pili. Na alikuwa na kombeo, silaha ya kumpiga mtu kwa mbali. Hakulazimishwa kushikana mieleka na yule jitu.

Na kwa kuwa nimetaja mieleka, nikupe kisa. Dada yangu yuko Iowa, Marekani, miaka mingi sasa, na mwanawe hushindana mieleka shuleni kwao. Si ile ya kwenye televisheni ya kurushiana viti. Ni ya mkeka, ya kweli. Kule mtoto hupimwa uzito kwanza. Kuna uzani 14, kuanzia ratili 106 hadi 285, na kila mmoja hupambana na wa uzani wake. Nilidhani hapo haki imekwisha kupatikana: mtoto mmoja kwa mtoto mmoja, kilo kwa kilo, ukubwa wa shule unahusu nini tena? Mpwa wangu akanicheka. Akaniambia, "Mjomba, mazoezini nashindana na nani?" Shule yake ni ndogo. Yeye ni mzito, na shuleni kwao hakuna mzito mwingine. Hujifunza na mwalimu mwenye umri wa miaka 50, au na kijana mwepesi kuliko yeye kwa ratili 40. Yule wa shule ya mjini ana wenzake watatu wa uzani wake wa kumtoa jasho kila siku. Na timu kwa timu ni balaa zaidi: shule ndogo isipokuwa na mtu wa uzani fulani, wapinzani hupewa alama 6 za bure, sawa na kama mtu wao amemlaza mwenzake chali mabega yote mawili. Shule yenye mapengo manne inaingia ukumbini ikiwa na deni la alama 24 kabla ya mtu kuvua koti.

Nilipomsikia nilikaa kimya, simu mkononi. Ni ile ile yangu ya vijana 13.

Basi Iowa walifanya nini? Waligawa shule madaraja matatu kwa idadi ya wanafunzi, na kila daraja lina mabingwa wake wa mieleka. Pennsylvania wana madaraja mawili. Indiana wao wameshikilia ubingwa mmoja wa mieleka kwa shule zote, kubwa na ndogo, na wana hoja yao: anayeitwa bingwa awe bingwa wa kila mtu. Naiheshimu hoja hiyo. Shemeji yangu, ambaye ni mtu wa kubisha, alinisimulia pia habari ya mpira wa vikapu wa huko huko Indiana. Mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161, ilichukua ubingwa wa jimbo zima kwa kuifunga Muncie Central 32-30, kwa mtupo wa mwisho wa kijana aitwaye Bobby Plump. Wanafunzi 161, Bwana Mwenyekiti! Pungufu ya sisi! Nakukabidhi mfano huo bure uutumie dhidi yangu. Lakini uusome hadi mwisho: baada ya Milan, miaka zaidi ya 40 ilipita bila shule ndogo namna ile kurudia, na kuanzia msimu wa 1997-98 Indiana wenyewe waligawa mpira wa vikapu madaraja manne. Kisa kimoja kizuri kiliwalisha watu matumaini miongo minne. Sisi hatuna hata hicho kimoja.

Najua utakalosema. Katibu wako alishalisema: kombe la shule ndogo litakuwa "kombe la huruma". Nimejibu mara nyingi kichwani, acha nijibu mara moja kwa maandishi. Robert Wangila alipoleta dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, alipigana uzani wa welta. Katika michezo iyo hiyo, dhahabu ya uzani wa juu kabisa ilichukuliwa na Lennox Lewis, akiiwakilisha Canada. Je, kuna Mkenya aliyesema dhahabu ya Wangila ni ya huruma kwa sababu hakupandishwa ulingoni na Lewis kwanza? Nchi nzima ilishangilia. Ndondi ina akili ya kupima watu kabla ya kuwapiganisha. Sisi walimu, tuliosomea kupima, ndio tunaopiganisha kwanza.

Na msiniambie kwamba kugawa shule ni kugumu. Hakuna mtu duniani anayegawa shule kama sisi. Tulikuwa na shule za kitaifa, za ngazi ya juu ya kaunti, za kaunti, na za kaunti ndogo. Sasa ni sekondari pevu na zimepewa majina mapya, C1, C2, C3, C4, kama sabuni za miche. Sisi ni C4, hilo tumeambiwa waziwazi na kwa barua. Mtoto akitafutiwa nafasi, tunakumbushwa sisi ni C4. Maabara zikigawanywa, sisi ni C4. Tukija uwanjani tu, ghafla wote ni ndugu, wote ni sawa, mpira ni kumi na moja kwa kumi na moja. Na idadi ya wanafunzi mnayo, kila kichwa kimesajiliwa kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu, ndicho kinacholetewa hiyo 1,500. Hesabu inayotosha kutupunguzia fedha haitoshi kutupangia ratiba?

Tena mtaala mpya una mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto wangu wa Gredi ya 10 anaambiwa kipaji cha miguu yake ni somo kama Kemia. Nikamfundishe nini? Nikamfundishe kwamba maabara yake ni uwanja ambako atafungwa 11?

Ninachoomba si kikubwa. Shule zenye wanafunzi chini ya 300 zicheze zenyewe kuanzia zoni hadi kaunti, na zipate bingwa wao, mwenye kikombe chake, hata kiwe cha bati. Wakishapatikana mabingwa wawili, wa shule kubwa na wa shule ndogo, mkitaka wakutanishwe siku ya mwisho, wakutanishwe. Mbona hapo nitasema amina kwa sauti, maana tutakuwa tumecheza mechi nyingi za kutukomaza kabla ya kufika kwa Goliathi. Na iwe hivyo kwa wavulana na kwa wasichana, kwa soka, netiboli, voliboli na mpira wa mikono. Hiyo 300 si msahafu. Mkitaka 250, sawa. Mkitaka 400, sawa, kuna shule jirani yenye 380 ambayo mwalimu wake atanibusu.

Kama kaunti ni juu sana, basi voliboli peke yake mwaka wa kwanza, tuone. Timu ni ya watu sita tu, gharama ni ndogo.

Kama hata hilo haliwezekani kwa mwaka huu, basi panga ratiba ili shule ya 174 isikutane na shule ya 1,640 katika mechi ya kwanza, saa nne asubuhi, vijana wakiwa wametoka kwao saa tisa usiku. Tukutanishe kwanza na wa kutuzidi mara tano. Tutashukuru.

Kama hata hilo haliwezekani, basi nijibu. Nijibu tu. Andika "tumepokea barua yako". Mihuri mnayo.

Ninyi mkikaa kimya, nitakachowaambia vijana sijui. Jumatatu, nahodha alinifuata stafu akauliza kama mwakani tukiwa mabingwa wa kaunti ndogo ni lazima tuende. Umewahi kusikia mtu akiuliza swali hilo, timu inayoomba ruhusa ya kutopanda? Nilimwambia nitamjibu Ijumaa. Leo ni Ijumaa. Amepita mara mbili mlangoni.

Jambo la mwisho, nalo nalitaja kwa unyenyekevu. Baada ya mechi yetu, mwamuzi wa akiba alituomba mpira wetu utumike katika mchezo uliofuata, kwa kuwa wa kwenu ulikuwa umepasuka. Ni ule mweupe wenye alama ya kalamu nyekundu karibu na vali, niliyoiandika mwenyewe. Tuliambiwa utarudishwa jioni. Jioni gari letu liliondoka, dereva alikuwa na abiria wengine. Nimempigia katibu wako mara nne. Ya tatu alipokea, akasema uko stoo na stoo imefungwa.

Hayo mengine yaangalieni kwa jicho la pekee. Mpira huo nauhitaji Jumatatu.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Michezo,
shule ya kutwa, wanafunzi 174